Kila nikisema mimi mzima

Wiki hii mmeuliza: tamthilia gani ya kutisha ilikufuata mpaka kitandani? Mimi kazi yangu ni kujazia watu muvi kwenye flashi hapa Mwanjelwa, Mbeya, kwa hiyo mashetani na maiti zinazotembea ndiyo riziki yangu. Nimewazoea kama muuza nyama alivyozoea damu. Iliyonishinda ni American Horror Story, msimu wa pili, ule wa Asylum. Una sehemu 13, na Wamarekani waliuona kati ya Oktoba 2012 na Januari 2013. Mimi nilikuja kuupata baadaye sana, kwenye diski ya mteja.

Ni mwaka 1964, ndani ya Briarcliff, hospitali ya kubuni ya wagonjwa wa akili huko Massachusetts, chini ya Kanisa Katoliki. Anayeiongoza ni Sista Jude, na Jessica Lange kamcheza vizuri mpaka unamchukia na kumhurumia kwa pamoja. Ana kabati la fimbo ofisini. Ukumbini kwa wagonjwa santuri moja ya sista wa Kibelgiji inaimba Kifaransa kutwa nzima, wimbo wa furaha kabisa, na ndiyo ubaya wake. Humo humo kuna muuaji anayejivika ngozi za watu usoni, daktari mwenye historia ya Kinazi, sista aliyeingiwa na shetani na, sijui watunzi walikuwa wanawaza nini, viumbe kutoka anga za juu. Hao wa anga za juu wangeachwa nisingewaulizia.

Kilichoninyima usingizi hakina damu. Mwandishi wa habari Lana Winters, anayechezwa na Sarah Paulson, anaingia Briarcliff kufuatilia habari za yule muuaji, mlango unafungwa. Aliyesaini karatasi za kumlaza ni mwenzake wa nyumbani, mwanamke kama yeye, mwalimu wa shule, baada ya Sista Jude kumtishia kwamba atawatangaza kuwa ni wapenzi. Zama zile hilo lilikuwa linatosha kumfukuzisha mwalimu kazi. Kuanzia hapo Lana akisema haumwi, ndivyo wanavyosema wagonjwa. Akipiga kelele, si mnamwona? Akiandika kwa siri, karatasi zinakutwa, na akijibu kwamba yote anayo kichwani, kichwa ndicho kinachopelekwa kuchomwa umeme.

Na msidhani ni chumvi ya watunzi. Mwaka 1887 Nellie Bly wa gazeti la New York World alijifanya kichaa akapelekwa Blackwell's Island, hospitali ya wagonjwa wa akili kisiwani New York. Alipoingia wodini akaacha kuigiza, akaongea na kutembea kama siku zote. Hakuna aliyestuka. Alikaa siku 10, na ilibidi gazeti limtume wakili akamtoe.

Mimi yangu ilikuwa ya siku moja, nayo inanitosha. Mwaka 2009 nilishuka Kyela kufuata mchele, nikarudi na gunia nne na malaria. Ikapanda kichwani. Usiku wa kwanza kweli sikuwa mzima: niliona magunia yanapumua, nikataka kuyatoa nje yapate hewa. Lakini kulipokucha akili ilikuwa imetulia. Niko kitanda cha zahanati, dripu ya kwinini inadondoka, mikono yote miwili imefungwa kwa kitenge cha mama ili nisiing'oe sindano. Nikasema kwa utaratibu kabisa, "Mama, mimi mzima sasa, nifungueni."

Mama hakunijibu mimi. Alimtazama mjomba.

"Dada, umeona? Ameanza tena," mjomba akasema.

Akaniinamia na kuniuliza leo siku gani. Nikasema Jumatano. Kumbe Ijumaa. Nikacheka, kuwaonyesha kwamba ni kosa la kawaida tu la mtu aliyelala sana, na kucheka ndiko kulikoniponza: mama akaanza kulia. Nikawasikia mlangoni wakipiga hesabu ya nauli mpaka Dodoma, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, na wakati ule kutoka Iringa kupitia Mtera ilikuwa vumbi tupu. Sisi tuliokua tukitaniana "wewe wa Mirembe" kila mtu akikosea hesabu darasani! Nikaamua kunyamaza. Mjomba akasema sasa amezidiwa, hata kuongea hawezi.

Aliyeniokoa ni nesi wa zamu ya mchana. Hakuniuliza siku. Aliuliza, "Kaka, masikio yanavuma?"

"Yanavuma kama mashine ya kukoboa."

"Ni kwinini hiyo, imeshaingia vizuri. Mfungueni."

Mjomba alifungua fundo moja, akasita kwenye la pili.

Basi mle Briarcliff mambo yanageuka, Sista Jude mwenyewe anavuliwa funguo na kutupwa kwa wagonjwa aliokuwa akiwachapa. Nje wanatangaziwa amekufa, ndani anaitwa Betty Drake. Anakaa ukumbini, umeme umeshamla kumbukumbu, anasema yeye ni nani na hakuna anayegeuka. Hapo nilisimamisha picha. Ilikuwa Julai, saa nane usiku, baridi ya Mbeya mnaijua.

"Baba Anna, mbona umekaa gizani?" mke wangu akauliza kutoka kitandani.

"Niko sawa," nikasema.

Akaamka, akaja kunishika paji la uso.