Maswali ya Wasomaji: Barabara za Magogo Kabla ya Theluji

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Kent, katika jimbo la Washington, Marekani. Nilikulia Mafinga, kwa hiyo malori ya magogo na njia za msituni si mambo mageni kwangu. Nimenunua pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne, na tungependa, mimi na rafiki zangu wawili, kupanda barabara za msituni za milima ya Cascade kabla theluji haijazifunga. Wenyeji wetu wanasema kwamba Oktoba na Novemba hakuna neno, mradi gari liwe na tairi nzuri. Je, ni kweli?
Msomaji, Kent

JIBU: Ndugu msomaji, tairi nzuri ni sehemu ndogo tu ya jibu. Litakaloamua usalama wenu ni mahali mtakapogeuzia gari, na ni vyema uamuzi huo mkaufanya nyumbani, kwa sababu mtu aliyekwisha kupanda kwa saa mbili huona uchungu kurudi akiwa amebakiza kona chache kufika kileleni.

Kwanza mzijue barabara zenyewe. Nyingi zilichongwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya kutoa magogo katika misitu ya serikali kuu, na fedha za magogo hayo ndizo zilizosaidia kuzitunza. Mwaka 1990 bundi wa madoadoa, anayeishi katika misitu hiyo, aliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini, mwaka 1994 ukaja mpango mpya wa misitu ya eneo hilo, na uvunaji katika ardhi ya serikali kuu ukashuka sana. Barabara zikabaki, lakini watunzaji wakapungua. Ndiyo maana njia inayoonekana nzima kwenye simu inaweza kukatika ghafla mahali ambapo kalavati liliziba kwa matawi, maji ya mvua za vuli yakapita juu na kuondoka na nusu ya barabara. Idara ya Misitu ya Marekani hutoa bure ramani za barabara zinazoruhusiwa magari. Pakueni ya eneo lenu mapema, kwani huko juu mtandao haupatikani. Mkiingia katika ardhi ya jimbo au ya kampuni za mbao, masharti na vibali ni vingine.

Angalieni pia vibao vya namba. Namba iliyoandikwa kwa mlalo huashiria barabara ambayo kwa kawaida hata gari dogo hupita. Iliyoandikwa kwa wima, tarakimu moja chini ya nyingine, huashiria njia ya magari yaliyoinuka, ambayo huenda haijaguswa na greda kwa miaka mingi. Kwa safari ya mwisho wa vuli ningebaki kwenye namba za mlalo.

Sasa theluji. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mnapopanda mita 1,000, kwa hiyo mkiondoka Kent kwenye nyuzi 9, mkifika mita 1,500 mko karibu na sifuri, na mvua iliyokuwa ikipiga kioo chenu bondeni imekwisha kuwa theluji. Tope la Mafinga unalijua. Usilolijua ni barafu iliyojificha chini ya theluji nyembamba, katika kona ya upande wa kaskazini ambako jua halifiki. Magurudumu yote manne yatawapandisha hapo bila taabu, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu wakati wa kushuka uwezo huo hauwapi breki zaidi ya zile za gari lolote. Theluji ikianza kushika barabarani, geuzeni penye nafasi ya kwanza, na mshuke kwa gia nzito, injini ndiyo ishike gari. Mapema Novemba Marekani hurudisha saa nyuma kwa saa moja, na baada ya hapo jua huko huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Saa nane muwe mmeanza kurudi.

Mwishoni mwa Novemba 2006, mwandishi wa habari za teknolojia James Kim alikuwa akivuka milima ya Oregon pamoja na mkewe na watoto wao wawili, wakaingia usiku katika barabara ya magogo na kukwama kwenye theluji. Baada ya siku saba alitoka kwa miguu kutafuta msaada, akafa kwa baridi. Mkewe na watoto, waliobaki karibu na gari, waliokolewa wakiwa hai. Nawaomba mkubaliane mapema kwamba mkikwama hakuna atakayeondoka garini. Washeni injini kwa dakika chache kila saa, lakini kila mara fukueni kwanza theluji kwenye ekzosi, maana ikiziba, moshi wenye sumu huingia ndani na kuua bila harufu.

Bebeni mablanketi mazito, chakula na maji ya siku mbili, koleo, msumeno wa miti iliyoanguka, minyororo ya tairi mliyokwisha kujaribu kuifunga nyumbani, na kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti. Mwachieni mtu Kent namba za barabara mtakazopita na saa ya kumpigia.

SWALI: Mimi niko British Columbia, Kanada. Je, bila redio ya kuzungumza na madereva wengine naweza kuingia katika barabara za magogo?
Msomaji, Burnaby

JIBU: Penye malori yanayobeba magogo, sikushauri. Kibao mwanzoni mwa barabara huonyesha chaneli inayotumika, na madereva hutangaza aina ya gari, kilomita waliyofikia na uelekeo, kupanda au kushuka, kwa kufuata namba za kilomita zilizo kando ya barabara. Lori lenye shehena ndilo hupishwa. Wewe ndiye utakayejibanza pembeni. Ukilazimika kuingia bila redio, fuata nyuma ya gari lenye redio ambalo dereva wake anajua kwamba upo, na atakapotangaza ataje magari mawili.