Moto wa Mkahawa, Chupa ya Nyumbani

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: «Chakula cha kisasa cha Asia kinanoga zaidi wapi, mkahawani au nyumbani kwako?» Nililisoma swali hilo mara mbili, na kila mara nikajikuta nataka kuuliza nami: chakula kipi? Kwa uzoefu wangu hakuna jibu moja linalofaa kila sahani. Vipo vyakula ambavyo jiko la nyumbani halitaviweza hata mpishi awe hodari kiasi gani, na vipo vingine ambavyo mkahawa, pamoja na vyombo vyake vyote, huvipunja.

Nianze na wali wa kukaanga, kwa sababu ndio ulionifundisha tofauti hiyo. Siku moja nilikaa kwenye kiti kilichoelekea jikoni, nikamtazama mpishi akiuandaa. Karai lake lilikuwa la chuma chembamba, jeusi tii, na moto chini yake ulikuwa unavuma hadi tukawa tunapaza sauti kuzungumza. Alitia mafuta, yai likafura papo hapo, wali ukafuata, na akawa anaurusha juu na kuudaka bila kupumzika. Nililoliona kwa mshangao ni namna alivyotia sosi ya soya: hakuimimina juu ya wali, bali aliizungushia ukingoni mwa karai, ikaungua kidogo na kutoa harufu kabla haijaufikia wali wenyewe. Kazi yote haikuzidi dakika mbili. Wakantoni, watu wa kusini mwa China, wana jina la harufu hiyo ya moshi na mafuta yaliyoshika moto, wok hei, yaani pumzi ya karai, na nadhani ni jina lililomwelea kila aliyewahi kuinusa.

Kesho yake nilijaribu nyumbani. Nilipika wali, nikautia kikaangoni ungali unafuka mvuke, nikajaza kikaango hadi juu kwa sababu tulikuwa wengi, na nilichokipakua kilikuwa bokoboko lenye rangi ya soya. Baadaye ndipo nilipoelewa kosa langu. Wali uliolala usiku kucha mahali pa baridi hupoteza maji ya juu na wanga wake hukazana, hivyo punje haziachii unga na hazishikani. Na jiko la nyumbani, ambalo moto wake ni sehemu ndogo tu ya ule wa mkahawa, hupoa mara tu unapolitwisha mzigo mkubwa, na chakula kikaanza kuchemka badala ya kukaangika. Siku hizi natumia wali wa jana na kukaanga sahani moja moja. Unatoka mzuri, lakini pumzi haimo. Nimekubali kwamba wali huo ni wa mkahawa, kama ulivyo mkate wa naan uliobandikwa kwenye ukuta wa tanuri, na kama ilivyo ramen, tambi za Kijapani ambazo mchuzi wake hutokana na mifupa iliyochemshwa kwa muda wa saa 12 au zaidi hadi maji yakawa meupe kama maziwa. Ni nani atakayelinda sufuria nusu siku nzima kwa ajili ya bakuli mbili?

Hapa lazima niseme kidogo juu ya neno «kisasa», maana wapo watu wanaolitamka kama tusi. Husema kwamba chakula cha Asia kilichobuniwa upya mikahawani si cha asili. Sijui wanarudi nyuma hadi lini kuitafuta asili hiyo. Pilipili, ambayo bila yake leo hatuwezi kuiwazia kimchi nyekundu, kabichi ya Kikorea iliyochachushwa, wala mchuzi wa Tailandi, ilitoka Amerika, na haikujulikana Asia kabla ya safari za Columbus. Ufundi wa tempura, yaani samaki na mboga zilizochovywa katika uji wa unga na kukaangwa, Wajapani waliupata kwa Wareno katika karne ya 16. Mkate wa bánh mì wa Vietnam ni mtoto wa mkate wa Kifaransa. Hata ile sushi, yaani wali uliotiwa siki, ya salmoni mbichi inayoonekana kama nembo ya Japani ni ya juzi tu: Wajapani walimwogopa salmoni wao kwa sababu ya minyoo, hadi Wanorwe walipofika miaka ya 1980 kuwashawishi wamle mbichi salmoni wao wa kufugwa. Kwa hiyo mpishi Roy Choi alipoanza mwaka 2008 kuuza mitaani Los Angeles, ndani ya gari lake la Kogi, nyama ya Kikorea iliyofungwa kwenye taco, vile vichapati vya Kimeksiko, alikuwa anaendeleza mwendo uliokuwepo karne nyingi.

Hata hivyo si kila mchanganyiko naupokea. Choi alizifahamu jikoni zote mbili alizozichanganya, na hilo huonekana mdomoni. Niliwahi kuletewa, katika mkahawa ambao sitautaja, tambi zilizozamishwa katika mayonesi tamu, zikanyunyiziwa ufuta na kupewa jina la Kikorea. Hapakuwa na uchachu, hapakuwa na ukali, hapakuwa na chochote cha kuukata ule utamu na mafuta. Kosa halikuwa usasa. Mpishi alichukua jina na rangi, akaiacha mizani. Kwa wapishi wa Tailandi na Vietnam mizani hiyo ndiyo kazi yenyewe: chumvi, uchachu, utamu na ukali huonjwa pamoja na kurekebishwa hadi dakika ya mwisho, ndimu moja zaidi, sukari kidogo tena.

Na mizani hiyo inawezekana nyumbani, tena kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kazi ngumu imeshafanywa na mtu mwingine miezi mingi iliyopita. Mimi huweka vitu vitatu: chupa ya sosi ya soya, chupa ya sosi ya samaki na kopo la gochujang, ule uji mzito mwekundu wa pilipili, mchele na soya iliyochachushwa. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Tokyo alitafuta kwa nini mchuzi uliotiwa mwani wa kombu una ladha nzito isiyo chumvi wala utamu, akaipata glutamati, moja ya chembe zinazojenga protini, akaiita ladha hiyo umami. Soya na samaki wakichachushwa, protini zao hukatika na kuiachia glutamati hiyo hiyo. Ndiyo maana kijiko kimoja cha sosi ya samaki kwenye bakuli la tambi, ndimu, pilipili na majani ya giligilani hufanya kazi ambayo vinginevyo ingedai sufuria ya mifupa. (Harufu yake ikikutisha chupa inapofunguliwa, vumilia, ikishaingia kwenye chakula hutaisikia tena.)

Lakini ushindi mkubwa wa nyumbani ni kimchi. Mkahawani muda ni wa kazi, na kila saa ina mtu anayelipwa. Nyumbani muda unaweza kuwa wa kungoja tu. Kabichi ya Kichina naikata, naitia chumvi hadi majani yapindike bila kuvunjika, naisuuza, kisha naipaka kwa mkono pilipili, kitunguu saumu, tangawizi na ile sosi ya samaki, nikiingiza kati ya jani na jani. Naishindilia kwenye chupa, naacha nafasi juu, maana bakteria wakianza kazi yao hewa hupanda na maji mekundu hutafuta pa kutokea. Chupa yangu ya kwanza niliijaza pomoni, na kabati zima likanuka kitunguu saumu. Baada ya siku mbili naihamishia kwenye jokofu, na huko huendelea kubadilika taratibu. Mkahawa hukupa kimchi ya umri wake. Ya nyumbani unaila changa ikiwa bado inalia menoni, au unaiacha hadi ichachuke kabisa ndipo uipikie mchuzi na tofu, ile jibini ya soya.

Ombi langu moja tu kwa wanaopenda kuagiza na kuletewa mlangoni: tempura muiache. Ikifungiwa kwenye boksi kwa dakika 20 hupikwa upya na mvuke wake yenyewe, na inafika ikiwa imelowa, mkahawa ukalaumiwa bure.

Chupa yangu ya sasa ina siku 19. Asubuhi nilipoifungua ilitoa pumzi, nikaonja jani moja. Ukali wa kitunguu saumu kibichi bado unautangulia uchachu. Nimeirudisha kwa wiki nyingine, na jioni hii naenda kukaa tena kwenye kile kiti kinachoelekea jikoni.