Machimbo ya moramu yanaweza kuwa bustani ya asili?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha vijana wa tarafa ya Isimani, mkoani Iringa. Pembeni mwa kijiji chetu kuna machimbo ya zamani ya moramu, na yanapoishia yanafuatwa na mashamba ya mahindi yaliyochoka, ambayo sasa yamekatwakatwa na makorongo. Tungependa eneo lote liwe bustani ya asili yenye miti, ndege na hata wanyama, ili wageni waje na kijiji kipate kipato. Tuanze na miti gani?

JIBU: Ndugu zangu wa Isimani, nimefurahi mno kupata barua yenu, kwa sababu tarafa yenu ilisifika sana kwa mahindi kabla udongo wake haujachoka, na anayetaka kuurudishia uhai anastahili kusaidiwa. Hata hivyo, naomba swali lenu tulisogeze kidogo: kabla ya kuuliza ni miti gani, ulizeni ni kitu gani kitakachoyageuza majani ya miti hiyo kuwa udongo.

Mfano ulio karibu na hali yenu uko Kenya. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, karibu na Mombasa, mahali palipokuwa mwamba mtupu wa matumbawe, penye jua kali na maji ya chumvichumvi. Alijaribu aina 26 za miti, na 3 tu ndizo zilizosalimika. Uliofaa kuliko yote ni mvinje, kwa kuwa mizizi yake huishi pamoja na vijidudu vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani. Wengi husimulia hadi hapo, ilhali kazi yenyewe ilikuwa bado, kwani majani ya mvinje yalidondoka na kurundikana juu ya mwamba bila kuoza. Ndipo Haller alipoleta majongoo, yale yale tunayoyaona njiani mvua zinapoanza. Majongoo yaliyatafuna majani, kinyesi chao kikashambuliwa na bakteria, na polepole likajengeka tabaka la udongo ambalo miti mingine iliweza kuota. Baadaye yalifuata mabwawa ya samaki na wanyama, na wageni wakaanza kuingia. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park.

Msiige mvinje, maana huo ni mti wa pwani. Igeni mpangilio wa kazi. Msimu wa kwanza zuieni maji yanayokimbia kwa kuchimba makinga maji yanayofuata kontua, yaani mstari wa mwinuko ulio sawa kukata mteremko, kuanzia juu ya machimbo, na kwa kuweka vizuizi vya mawe na matawi ndani ya makorongo. Kisha zungukeni eneo zima mkiangalia kilichoota chenyewe. Mgunga mdogo uliojiotea kwenye moramu umekwisha kufaulu mtihani ambao mche wa kitaluni bado haujaufanya. Katika mashamba ya zamani visiki vingi bado viko hai, na njia ya Kisiki Hai, ambayo wenzenu wa Dodoma wanaitumia, ni kuchagua machipukizi machache yenye nguvu, kupogoa yaliyobaki na kuyalinda yale yaliyochaguliwa yasiliwe na mifugo. Miche ya kununua ipandeni mvua zinapoanza, katika mashimo yaliyotiwa samadi na kufunikwa kwa nyasi kavu, na msizichome nyasi hizo kamwe. Wamatengo wa Mbinga hufukia nyasi katika ngolo zao, yaani mashamba ya mashimo kwenye miteremko, ili zilishe udongo, nanyi mnaweza kufanya hivyo hivyo.

Suala la mifugo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Huko Kondoa, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, mifugo iliondolewa mwaka 1979. Uoto ulirudi, lakini wafugaji ndio waliobeba mzigo. Shinyanga, kuanzia mwaka 1986, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulitumia ngitili, desturi ya Wasukuma wenyewe ya kutenga malisho kwa ajili ya kiangazi. Mimi naona njia ya Shinyanga ndiyo ya kufuata. Kaeni na wafugaji, mkubaliane ni sehemu ipi itafungwa na kwa miaka mingapi, na waruhusiwe kukata majani humo na kuwapelekea ng'ombe nyumbani.

Wanyama wakubwa hawafugwi bila kibali cha serikali, kwa hiyo anzeni na nyuki, ambao hutoa kipato kabla ya mgeni wa kwanza kufika. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hivyo mpango wenu lazima upite kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mgawanyo wa mapato nao uandikwe kwenye sheria ndogo mapema, wakati bado hakuna fedha ya kugombania. Majirani zenu wa Idodi na Pawaga, wenye jumuiya ya vijiji ya kuhifadhi wanyamapori iitwayo MBOMIPA, wana uzoefu wa kugawana mapato ya wanyamapori, watembeleeni.

SWALI: Mlima wa kijiji chetu, karibu na Mbalizi, Mbeya, uko uchi. Tumeshauriwa kuupanda wote mikaratusi kwa ajili ya nguzo. Je, hiyo nayo ni bustani ya asili?

JIBU: Hapana, hilo ni shamba la miti. Shamba la miti si jambo baya, lakini mkaratusi hunywa maji mengi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kudhuru chanzo cha maji ndani ya mita 60. Tengeni kipande cha nguzo mbali na chemchemi, na mabonde yote myaachie miti ya asili. Tena, kabla hamjapanda chochote, waulizeni wazee kama mlima huo ulikuwa msitu au ulikuwa nyasi tangu mwanzo. Kitulo, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, inasifika kwa maua yanayoota kwenye uwanda wa nyasi, na mahali pa namna hiyo kupanda miti ni kuharibu.