Kibao cha "Mbwa Kali" ndio ushahidi wenyewe

MUULIZE SHANGAZI

Shangazi, asalam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Muyeye hapa Malindi. Juzi Alhamisi kijana wangu wa mwisho, ana miaka sita, alikuwa atoka chuoni na wenzake jioni, wakapita ile njia ya majumba ya Wataliano, geti lilikuwa wazi mbwa akatoka mbio akamshika mkono na akamrarua hapa chini ya sikio. Alivyoingia ndani niliona kwekundu mdomoni na mikononi nikadhani ni rangi ya mabuyu, nikaanza kumgombeza kwa kuchafua kanzu, mpaka alipogeuka ndio nikaona shingo. Mamamkwe akataka kumpaka udongo kwa vile mate ya mbwa ni najisi, jirani naye akaja na jiwe la nyoka, mie nimechanganyikiwa. Hospitali tulienda asubuhi yake, Ijumaa, akadungwa sindano moja tukaambiwa turudi. Sasa mwenye nyumba yuko kwao Italia, yule anayemwangalizia ametuletea elfu mbili na karatasi niweke sahihi kwamba tumeelewana, anasema huyo mbwa hana tabia hiyo, watoto ndio walimchokoza. Vijana wa mtaa nao wamesema leo usiku wanamuua. Mume wangu yuko baharini. Nifanyeje?
Mama wa Muyeye

Waaleikum salaam mwanangu. Barua yako sikuingoja gazeti, nilikupigia siku ile ile, lakini nayaweka hapa kwa sababu najua si wewe peke yako.

Kwanza mtoto, mambo ya pesa baadaye. Kidonda cha mbwa huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili ukitazama saa, sio kumwagia kikombe kimoja ukasema basi. Hata kama mlichelewa, osha. Udongo usiguse kidonda, na ile tahara ya kuosha mate ya mbwa mara saba, mara moja kwa udongo, mamamkwe akamuulize ustadhi, yeye mwenyewe atamwambia nguo na mwili ni kitu kimoja na jeraha lililo wazi ni kingine. Jiwe la nyoka lirudi kwa mwenyewe, kichaa cha mbwa ni kirusi, hupanda kwenye mishipa ya fahamu mpaka ubongoni, na hakuna jiwe la kukinyonya. Kikishaonyesha dalili ndio basi tena, karibu kila aliyefika hapo hufariki. Na shingo iko karibu na ubongo kuliko mguu, ndio maana nikakupigia. Watoto ndio wanaoumia zaidi, duniani watu 59,000 hivi hufa na ugonjwa huu kila mwaka na karibu 4 katika kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15, sababu mojawapo ni kimo chao, mdomo wa mbwa uko usawa wa uso wao.

Sindano moja haitoshi. Kama ya kwanza ilikuwa Ijumaa, ya pili ni Jumatatu, halafu Ijumaa inayofuata, halafu Ijumaa ya wiki ya pili, na kuna utaratibu unaoongeza nyingine siku ya 28, fuata kadi uliyopewa. Na uliza hili kwa mdomo wako, usingoje uambiwe: kidonda kimetoa damu, je amepewa ile dawa ya kinga inayodungwa pale pale pembeni ya kidonda, imunoglobulini? Hiyo si chanjo, ni nyingine, na kama hajapewa bado ana nafasi mpaka siku ya 7 tangu sindano ya kwanza. Wakikwambia imeisha, waulize iko wapi, usitoke pale mpaka wakuandikie jina lake na mahali pa kuipata. Mwambie mamamkwe sindano hizi si mchezo wa juzi, Louis Pasteur alimdunga mtoto wa miaka 9 kule Ufaransa mwaka 1885 na mtoto akaishi. Na hazidungwi tumboni tena kama tulivyotishwa sisi utotoni, ni mkononi.

Sasa hao vijana. Wazuie. Najua wana uchungu na wewe, lakini mbwa akiwa hai ndio anakusaidia. Afungwe, ale, anywe, aangaliwe siku 10 tangu siku aliyong'ata, na afisa wa mifugo wa kaunti ajulishwe. Siku 10 zikipita naye mzima hana neno, basi alipong'ata hakuwa na kirusi mateni, na daktari ndiye atakayesema kama sindano zilizobaki zaachwa, si wewe wala si yule mwangalizi. Wakimpiga mawe leo wakamtupa ufuoni utabaki wajiuliza tu, na kesi yako imepotea mguu mmoja.

Haya, elfu mbili. Usiweke sahihi! Hujui bado utatumia ngapi, sindano, nauli ya tuktuk, siku ulizofunga biashara, na lile kovu la shingoni. Nenda polisi ukaandikishe upate namba ya OB, yaani ya daftari lao la matukio, uchukue fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, daktari aijaze. Weka kila risiti kwenye bahasha moja, hata ile ya panadol. Piga picha kidonda leo kabla hakijaanza kupona.

Kisheria mwenye mbwa anabanwa kwa njia mbili. Kuna Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 243, kinachomgusa mtu anayeacha kuchukua tahadhari juu ya hatari ya mnyama aliye naye, hiyo ni ya polisi. Na kuna madai ya fidia, hayo unayafungua wewe kwa niaba ya mtoto, na kama hayazidi shilingi milioni 1 Mahakama ya Madai Madogo yatosha, uliza pale kortini Malindi jinsi ya kufungua. Ukifika huko swali kubwa litakuwa je, mwenyewe alijua mbwa wake ni mkali? Ndio hapo nilikuuliza kwenye simu getini pameandikwa nini, ukacheka, ukasema "MBWA KALI" kwa rangi nyekundu na kichwa cha mbwa kimechorwa. Kapige picha! Mtu anasema mbwa wake hana tabia hiyo na yeye mwenyewe ameyapaka ukutani? Halafu waulize majirani nani mwingine alishang'atwa hapo, majina yao uyaandike.

Kuhusu yule mwangalizi, usimmalize. Ni mtu wa mshahara kama sisi, ametumwa, na huenda hizo elfu mbili ni zake za mfukoni. Mwambie akupe namba ya tajiri wake. Tajiri asijifanye mgeni wa mambo haya, kwao Italia sheria yao ya madai kifungu cha 2052 yasema mwenye mnyama alipa alichoharibu mnyama wake, hata akiwa ametoroka. Mwandikie hivyo hivyo kwa WhatsApp.

*

Shangazi, mie niko upande wa pili. Nina mbwa Watamu, amechanjwa, yuko uani mwangu na kibao nimeweka. Mtoto wa jirani karuka ukuta kuokota embe akang'atwa paja. Mamake ataka nilipe. Kwani mwizi analipwa?
Mwenye Mwembe

Mwizi wa miaka mingapi? Umesema kwenye ujumbe wa pili ana miaka saba. Huenda sheria ikakupunguzia kidogo kwa vile aliingia kwako, lakini mtoto kuvutwa na embe lilioiva ni jambo ulilopaswa kulijua ulipoamua kufungua mbwa mchana, na kibao hasomi mtoto anayejifunza irabu. Toa cheti cha chanjo ya mbwa leo umpelekee mama daktari akione, mfunge mbwa mchana na siku 10 hizi asitoke kabisa, lipa matibabu. Na hizo embe si zaoza chini? Mpelekee mamake kikapu siku ya sindano ya pili, ukienda kumpa nauli.