Mwonyeshe mama karatasi ya mshahara

Wadogo zangu wa Lubumbashi, na nyinyi mliokulia Ulaya kama mimi, mnaniuliza sana namna ya kuingia katika benki kubwa za London. Jibu ni fupi: someni hesabu kwa bidii, andikeni Kiingereza kisafi, ombeni nafasi za mafunzo ya kiangazi mapema, maana benki hizo huchukua wengi wa vijana wao wapya humo. Mimi nataka kuzungumzia kinachofuata, yaani mshahara wa kwanza unapoingia na wazazi wanapotaka kujua.

Tuliondoka Lubumbashi mwaka 1994, nikiwa na miaka saba. Baba alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, mama aliuza unga kwenye soko la Kenya, mtaa wa huko huko Lubumbashi. Huko Brussels mama alisafisha ofisi usiku. Nilipoajiriwa London, upande wa biashara ya shaba, niliwaambia tu, "Niko benki." Kiasi cha mshahara sikukitaja. Niliona haya kupata kwa mwezi mmoja pesa ambazo mama alizitokea jasho miezi mingi.

Kimya kile kilileta hasara. Kule Katuba, mtaa mwingine wa Lubumbashi, habari ikawa kwamba mtoto wetu anashika pesa za benki. Simu zikaanza: minerval (karo) ya watoto, mabati, jeneza, mtaji wa duka. Nilimtumia kila aliyeomba, bila hesabu, na mwaka wa pili nilikuwa na deni la kadi nisilothubutu kumwambia mtu. Baba naye alihisi ninamficha jambo baya.

Tulirudi likizo Lubumbashi, sote watatu. Jioni moja, tukiwa tumemaliza bukari (ugali), mama akauliza: "Banakulipa ile feza juu ya nini?"

Nikamweleza polepole. Mwenye mgodi anaogopa bei ya shaba itashuka kabla mzigo haujafika. Anakubaliana leo bei ya kuuzia miezi mitatu ijayo, na benki yetu inasimama upande wa pili. Soko la metali la London lilianza mwaka 1877, na miezi mitatu ilitokana na muda wa meli kuleta shaba kutoka Chile. Baba alitabasamu aliposikia kwamba fungu moja la shaba katika soko hilo ni tani 25. Kwa tani alielewa kila kitu.

Mama akasema, "Kumbe ni kama unga." Mwezi wa kumi na moja alikuwa akiagiza magunia kwa mleta unga wa Zambia kwa bei ya siku ile, ayachukue mwezi wa pili, wakati wa njaa, bei ikiwa imepanda. Kisha akauliza swali ambalo mkuu wangu wa kazi hutuuliza kila wiki: "Na kama mwenye unga anakimbia?" Ndiyo maana benki hudai dhamana, na hudai zaidi bei inapomgeuka mteja. Mwanamke huyu aliona Oktoba 1993 zaire, pesa ya nchi yetu wakati ule, milioni 3 za zamani zikigeuzwa zaire mpya moja. Hatari ya pesa anaijua kwa mwili wake. Ilinichukua miaka kumwuliza anachojua, na hilo linaniuma mpaka leo.

Basi nikatoa karatasi ya mshahara, nikawasomea mstari kwa mstari. Kodi: sehemu ya juu ya mshahara wangu hukatwa asilimia 40. Nikaongeza pango la nyumba ninayokaa. Bonasi, ambayo sehemu yake benki huishikilia kwa miaka kabla ya kuilipa, na ukiacha kazi unaweza kuikosa. Baba akanyamaza, kisha akaomba kalamu.

Mpango waliouandika wao wenyewe ndio ninaowashauri muuige. Ninatoa kiasi kimoja kila mwezi, kama mchango wa likelemba (upatu), na dada yake mama anakitunza. Wao ndio wanaoamua nani asaidiwe kwanza. Ugonjwa na msiba viko nje ya hesabu hiyo. Mtu akinipigia, ninamwambia kwa heshima: "Ongea na mama mdogo." Na mama mdogo ni mkali kuliko mimi. Deni nilimaliza baada ya miezi kumi na minne.

Jambo moja zaidi, nalo mliseme siku ya kwanza kabisa. Mjomba wangu huuza vipuri vya malori yanayokwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na aliniomba nimnong'oneze shaba itapanda lini. Siri ya mteja huwezi kumpa hata mzazi. Uingereza mtu anaweza kufungwa kwa kufanyia biashara habari za ndani, yaani zile ambazo hazijatangazwa. Nilimwambia hivyo, akakasirika siku mbili. Nikakaa naye, nikamwonyesha kwenye simu yake bei ya shaba iliyotangazwa wazi kwa kila mtu, na namna ya kuisoma. Siku hizi huiandika ukutani dukani kila jioni, na madereva huja kuisoma.