Kitabu kikipotea njiani, hasara ya nani? Kwa wadogo zangu mnaoanza kununulia maktaba vitabu

Mkutubi mpya akikabidhiwa bajeti ya vitabu, hukimbilia bei ya chini. Simlaumu, kwa maana Papa AB, msimamizi wa bajeti ya chuo, atamwuliza hilohilo. Lakini hapa Lubumbashi, ambako kitabu cha Paris au Brussels huvuka mipaka kadhaa kabla ya kupangwa rafuni, bei ya kwenye proforma, ile karatasi ya bei anayokupa mwuzaji kabla hujaagiza, ni nusu ya habari. Wanaokuja kufanya staji (mafunzo ya kazi) kwetu nawapa swali moja la kwenda nalo kwa kila mwuzaji: mambo yakiharibika, hasara ni ya nani? Anayelijibu kwa maandishi ameshamshinda yule wa bei rahisi anayesema "hakuna shida".

Kwanza muulize bei yake inaishia wapi. Yuko anayekupa bei ya kitabu kikiwa bado ghalani kwake Ulaya, yuko wa hadi bandari ya Dar es Salaam, yuko wa hadi Kasumbalesa, mpakani mwetu na Zambia, na wachache sana ni wa hadi mlango wa maktaba. Wafanyabiashara wana vifupisho vya mambo haya, vinaitwa Incoterms, na toleo linalotumika sasa ni la 2020. EXW maana yake unakichukua kitabu ghalani kwake, na yote yanayofuata ni juu yako. DAP maana yake anakifikisha mahali mlipopatana, ila ushuru na gharama za kukiingiza nchini ni zako. Zisome herufi hizo tatu kabla ya kusoma bei. Tuseme mmoja ameandika dola 40 EXW, mwenzake dola 52 DAP Lubumbashi. Wa kwanza ataonekana nafuu mpaka ulipe ndege, bima, na gari la kutoka Kasumbalesa, safari ya kilomita kama 90. Na katoni zikilowa mwezi wa kwanza, wakati mvua zetu zimepamba moto, katoni hizo ni zako. Yeye alishamaliza kazi yake siku zilipotoka ghalani.

Kuhusu duane, yaani forodha, vitabu vina bahati kidogo. Mkataba wa Florence wa 1950, ulioandaliwa na UNESCO, unazitaka nchi zilizouingia zisitoze ushuru wa forodha kwenye vitabu. Lakini ushuru ni mstari mmoja tu wa ile karatasi. Kuna ukaguzi wa OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, kuna ghala, kuna deklaranti, yaani wakala wa forodha, kuna siku ambazo lori linakaa foleni. Kwa hiyo muulize mwuzaji anamtumia deklaranti gani, na kama mtu huyo alishawahi kupitisha vitabu au amezoea saruji na vipuri vya migodini. Mzoefu wa vitabu atakuomba barua ya chuo mzigo ukiwa bado Dar. Asiye mzoefu atakupigia simu akiwa mpakani, na kila siku ya kusubiri itaandikwa kwa jina lako.

Vitabu vyetu vingi ni vya Kifaransa, basi fahamu na hili. Nchini Ufaransa, tangu sheria ya 1981, bei ya kitabu kipya hupangwa na mchapishaji. Duka haliruhusiwi kupunguza zaidi ya asilimia 5, na kwa maktaba, kwa sheria ya 2003, ukomo ni asilimia 9. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya soko lao, si letu, lakini inakupa kipimo, kwa sababu bei ya mchapishaji iko wazi kwenye tovuti yake. Mwuzaji akikuandikia mara mbili ya bei hiyo, akueleze ile nusu ya pili inalipia nini. Pengine ana sababu nzuri, ameshahesabu ndege na mpaka. Basi aiandike.

Sasa matoleo, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea bila mtu kupiga kelele. Katoni zimefika, hesabu ni sawa, fakture (ankara) imetiwa saini, kumbe nusu ya vitabu ni vya zamani. Kwa mji wetu wa migodi hili si dogo. Kanuni ya madini ya 2002 ilirekebishwa kwa sheria ya mwezi wa tatu 2018. Ukimpa mwanafunzi wa sheria au wa polytechnique (uhandisi) kitabu cha kabla ya hapo bila kumwambia, umempotosha. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwezi wa tisa 2012, kwa hiyo kitabu cha sheria ya biashara ya Kongo kilichoandikwa kabla ya mwaka huo ni cha mwanahistoria, si cha wakili. Na hata sheria za OHADA zenyewe zinabadilika: ile ya makampuni ilirekebishwa 2014, ile ya kukusanya madeni 2023. Wauzaji wanalijua hilo kuliko sisi, na wako wanaotuletea yaliyobaki ghalani kwa sababu tuko mbali na kurudisha ni ghali.

Kinga ni ISBN, namba ya utambulisho inayochapwa kwenye kitabu. Kila toleo lina yake, na jalada gumu na jalada laini la kitabu kimoja kila moja lina yake. Tangu 2007 ni tarakimu 13. Ukiagiza kwa jina la kitabu na mwandishi tu, mwuzaji akileta toleo la zamani hujui pa kumshika. Ukiagiza kwa ISBN na mwaka, kisha ukaandika kwenye agizo kwamba toleo jingine halipokelewi na atalirudisha kwa gharama yake, hasara imehamia kwake. Ongeza sentensi hiyo hata kama mwuzaji ni rafiki. Hasa kama ni rafiki.

Malipo ya mbele ni jambo linalotaka ukali. Wengi watakuambia kampuni yao ni kubwa na ya siku nyingi. Swets, wakala wa majarida wa Uholanzi, ilianza 1901 na ikafilisika mwezi wa tisa 2014. Maktaba za nchi nyingi zilikuwa zimeshailipa majarida ya mwaka uliofuata, na wachapishaji walikuwa hawajapata kitu. Baker & Taylor ya Marekani, iliyouzia maktaba vitabu na iliyoanza 1828, ilitangaza 2025 kwamba inafunga. Ukubwa na uzee havirudishi dola. Omba kulipa sehemu kwanza na sehemu vitabu vikifika, au gawa agizo mafungu, fungu la pili lisitoke kabla la kwanza halijafika. Na benki ikituma pesa nje, uliza makato ni ya nani. Ukichagua SHA (makato mnagawana) badala ya OUR (yote unalipa wewe), mwuzaji anapokea pungufu, anashikilia mzigo, na mtaandikiana barua pepe mwezi mzima kwa ajili ya dola 25.

Kabla ya kununua majarida au vitabu vya kielektroniki, angalia kwanza kama hujavipata bure. Research4Life, mpango wa kuzifungulia nchi maskini majarida ya kisayansi, wenye Hinari kwa upande wa tiba na AGORA kwa kilimo, inazipa taasisi za Kongo nafasi bila malipo, lakini ni taasisi inayojisajili, si mtu mmoja mmoja. Nimeona wakala akijaribu kuuzia chuo majarida ambayo tayari yalikuwa humo. Kwa yale ya kulipia, usiulize idadi ya vitabu. Uliza wanafunzi wangapi wanaweza kufungua kitabu kimoja kwa wakati mmoja, kama kinapakuliwa na kusomwa bila intaneti (umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, unaujua), na usipolipa mwaka ujao utabaki na nini. Mara nyingi jibu la swali la mwisho ni: hutabaki na kitu.

Jambo dogo la ufundi, lakini linachosha. Kama maktaba yako inatumia PMB, programu ya kuendeshea maktaba, rekodi zako za vitabu huenda ziko kwa muundo wa UNIMARC. Mwuzaji wa Uingereza au Marekani atakutumia rekodi za MARC 21, muundo mwingine, na kukuambia ni zawadi. Omba faili moja la majaribio, uliingize, uone herufi zenye alama za Kifaransa zimetokaje.

Proforma tatu. Utaratibu unataka ulinganishe, na ni mzuri. Ila zisome. Ukikuta zote tatu zina kosa lilelile la tahajia kwenye jina la mwandishi yuleyule, ujue zimetoka kwenye kompyuta moja. Usigombane na mtu ofisini; omba mwenyewe proforma ya nne kwa mwuzaji uliyemtafuta. Na matabishi, vile vipesa vya kukulainisha, yatakuja, yakiitwa soda au nauli. Ukishayapokea, siku vitabu vinakosekana huna mdomo wa kudai.

Kwa vya hapa nyumbani, usizunguke Ulaya bure. Wachapishaji Médiaspaul wapo, machapisho ya chuo kikuu chetu yapo, na maprofesa wetu wengi wanachapisha kwa L'Harmattan, mchapishaji wa Paris. Mwulize Prof mwenyewe kwanza. Mara nyingi ana nakala nyumbani, na bei yake haina ndege ndani yake. Wa kuogopa ni wale wachapishaji wanaowaandikia wahitimu kuomba tasnifu zao, kisha wanaziuza kwa bei ya kitabu cha marejeo bila mtaalamu yeyote kuzisoma. Majina yao utayajua haraka ukiangalia katalogi zao: kila kitu kipo, kutoka ufugaji wa samaki hadi falsafa, na mhariri hatajwi.

Umempata mwuzaji? Mpe agizo dogo la kumjaribu, lenye vitabu vyepesi kupatikana na vichache vigumu. Vyepesi kila mtu ataleta. Vile vigumu ndivyo vitakuonyesha kama anatafuta au anasubiri usahau. Fungua daftari, au Excel: tarehe ya agizo, tarehe ya kufika, vilivyoagizwa, vilivyofika, vilivyokosewa, vilivyobadilishwa, na alichukua siku ngapi kujibu malalamiko. Safu hiyo ya mwisho mimi naipa uzito kuliko punguzo la bei. Kuna mwuzaji mmoja, simtaji, aliyetupa punguzo zuri kuliko wote, na jibu lake kwa kila simu lilikuwa "Bitabu biko mu njia, mama." Kwenye daftari njia hiyo ilikuwa haina mwisho, na daftari ndilo nililompelekea Papa AB tulipotaka kumwacha. Hakuuliza swali la pili.

Mwishowe atakuja Prof na mwuzaji wake, mara nyingi shemeji au mtu wa kanisani. Mpokee kwa heshima, mpe fomu ileile unayowapa wengine: bei inaishia wapi, toleo lisilo sahihi linarudishwa na nani, malipo kwa mafungu mangapi. Akiijaza yote na kutia saini, mweke kwenye orodha kama yeyote. Akisema fomu ni ya nini wakati tunajuana, mwambie Prof kwamba faili lake bado halijakamilika, na liache mezani likiwa hivyo.