Exchange imegoma baada ya apdeti? Cheki sevisi kwanza

Kamwene mkuu, hiyo Exchange yako (sava ya barua pepe ya Microsoft) kugoma baada ya apdeti ya usalama usikimbilie kufomati sava. Fungua services.msc (orodha ya sevisi za Windows), sevisi kibao za Microsoft Exchange utakuta zimekaa Disabled, maana apdeti inazizima yenyewe ikianza sasa ikikwama njiani haizirudishi, na kwa umeme wetu huu wa Iringa kukwama njiani mbona kawaida tu. Ziweke Automatic uziwashe, hasa Transport (inayosafirisha barua) na Information Store (inayotunza maboksi ya barua), na World Wide Web Publishing (ya kurasa za wavuti) usiisahau, ila za POP3 na IMAP4 (njia za programu nyingine kusoma barua) ziache Manual kama huzitumii. Halafu rudia apdeti, safari hii fungua CMD (dirisha la kuandika amri) kwa Run as administrator ndo uliite faili la apdeti humo. Ukilidabokliki tu linaweza lisiwe na ruhusa zote, OWA (barua pepe kwenye brauza) ikabaki kurasa nyeupe.